Sura ya Tano: Ukungu Unaozaliwa Jichoni

Weka kwenye skrini ya kompyuta gari la mashindano linalokimbia kutoka kushoto kwenda kulia. Lipige picha kwa kamera iliyotulia juu ya stendi, kwa muda mfupi sana wa kupokea mwanga. Picha itatoka safi: kingo za gari ni kali, namba ya ubavuni inasomeka. Sasa iondoe kamera, kaa mahali pake na ulifuate gari hilohilo kwa macho. Namba haisomeki tena. Kingo zimetanuka na kufifia, na nyuma ya gari kuna kivuli ambacho kwenye picha hakikuwepo. Skrini haijabadilika na gari halijabadilika. Kamera inashuhudia kwamba hakuna ukungu, jicho linashuhudia kwamba upo.

Katika ugomvi huu mimi niko upande wa jicho, kwa sababu skrini hutengenezwa kwa ajili yake. Hata hivyo, namba nyingi zinazochapishwa kwenye maboksi ya skrini za gemu hupimwa kwa njia isiyolihusisha jicho hata kidogo. Kijana anayedunduliza fedha ili anunue skrini ya 144, 240 au 480 Hz, yaani yenye uwezo wa kuonyesha picha mpya mara hizo kwa kila sekunde, anaamini ananunua mwendo ulio wazi. Anastahili kujua uwazi huo unapimwaje, na ni kipimo kipi kinachomhusu.

Picha iliyoganda, jicho linalotembea

Mwaka 1765 Patrick d'Arcy, mzaliwa wa Galway nchini Ireland aliyeishi na kufanya kazi Ufaransa, aliwasilisha jaribio lake mbele ya Akademia ya Sayansi ya Paris. Alikuwa amelizungusha kaa la moto gizani, akiongeza kasi kidogo kidogo hadi alipoacha kuona kaa na kuanza kuona duara kamili la moto. Kisha akapima muda wa mzunguko mmoja, akapata takriban sekunde 0.13. Wakati wowote kaa lilikuwa mahali pamoja tu, lakini jicho liliutunza mwanga wake mpaka liliporudi pale lilipoanzia. D'Arcy alikuwa ameonyesha kwamba jicho halisomi mwanga papo kwa papo. Linaukusanya kwa muda, linaujumlisha, ndipo linatoa jibu.

Tabia hiyo haina madhara pale kitu kinapotembea kweli. Mwewe akipita angani, misuli ya jicho hulizungusha kwa kasi inayolingana na yake, na taswira yake hutulia mahali pamoja kwenye retina. Ndiyo maana unaweza kuona hata mpangilio wa manyoya ya mbawa. Kwenye skrini hakuna kinachotembea. Kuna mfululizo wa picha tuli. Skrini ya 60 Hz hushikilia kila picha kwa milisekunde 16.7 bila kuisogeza hata pikseli moja, kisha hurukia inayofuata. Jicho halirukiruki pamoja nayo. Limeshakadiria kasi ya gari, na linateleza bila kusimama. Kwa hiyo katika kila kipindi cha milisekunde 16.7 picha imesimama na jicho linasonga, na taswira inaburutwa juu ya retina kama muhuri wenye wino mbichi unaovutwa kwenye karatasi. Huo ndio ukungu wa mwendo. Kamera iliyotulia kwenye stendi haiwezi kuuona kwa sababu haifuati kitu.

Skrini za kale za CRT, zile zenye mgongo mkubwa, hazikuwa na tatizo hili. Mwali wa elektroni uligusa fosforasi, nukta ikawaka kwa nguvu na kufifia ndani ya milisekunde chache, kisha pakawa na giza hadi mzunguko uliofuata. Jicho lilipokea mmweko mfupi mahali palipostahili, halafu jingine, halafu jingine. Halikupewa muda wa kuiburuta picha. LCD zilipochukua nafasi hiyo katika miaka ya 2000, watu waliona mara moja kwamba mwendo umechafuka, na lawama ikaangukia fuwele za kimiminika zilizomo ndani ya skrini hizo, kwamba ni nzito kugeuka. Zilikuwa nzito kweli. Lakini mwaka 2001 Taiichiro Kurita, mtafiti wa shirika la utangazaji la Japani, NHK, alikuwa tayari akieleza mbele ya wanasayansi wenzake kwamba kasoro imo katika kule kuishikilia picha kwenyewe. Fuwele zingegeuka papo hapo, ukungu ungebaki. Tiba zikawa mbili tu: kufupisha muda ambao picha inawaka, au kuongeza idadi ya picha kwa sekunde. Karibu maendeleo yote yaliyofuata katika skrini za gemu yametoka katika tiba hizo mbili.

Hesabu ya ukungu

Uzuri wa maelezo haya ni kwamba yanahesabika. Upana wa ukungu ni kasi ya kitu ukizidisha kwa muda ambao picha imeganda. Mkanada Mark Rejhon, mwanzilishi wa Blur Busters na mtunzi wa majaribio ya TestUFO yanayotumiwa na wapimaji duniani kote, ameiweka hesabu hiyo katika kanuni rahisi kukumbuka: milisekunde 1 ya kuganda huzaa pikseli 1 ya ukungu kwa kitu kinachokwenda pikseli 1,000 kwa sekunde.

Chukua kasi ya pikseli 960 kwa sekunde, ambayo wapimaji huipenda kwa sababu inagawanyika vizuri. Kwenye skrini yenye upana wa pikseli 1,920, kitu chenye kasi hiyo huvuka kwa sekunde 2, mwendo ambao jicho huufuata bila taabu. Kwenye 60 Hz ukungu wake una upana wa pikseli 16. Kwenye 120 Hz ni pikseli 8, kwenye 240 ni 4, kwenye 480 ni 2. Ukitaka ukungu wa pikseli 1 tu, ambao ni vigumu kuutenganisha na picha tuli, utahitaji 960 Hz. Ndiyo sababu wahandisi wanaozungumzia skrini za 1,000 Hz hawatafuti sifa. Hesabu yenyewe inawaelekeza huko.

Hesabu hiyo pia inamlinda mnunuzi. Kutoka 60 hadi 144 Hz muda wa kuganda hupungua kwa karibu milisekunde 10, na tofauti inaonekana hata kwa mtu asiyecheza gemu. Kutoka 144 hadi 165 hupungua kwa chini ya milisekunde 1. Namba kwenye boksi imeongezeka kwa 21, lakini ukungu umepungua kwa chini ya pikseli moja kwa kitu chenye kasi ya pikseli 1,000 kwa sekunde. Kinachopunguza ukungu ni uwiano: ukitaka kuona mabadiliko ya wazi, zidisha kasi ya skrini mara mbili au zaidi, halafu hakikisha kompyuta inaweza kuzalisha picha nyingi kiasi hicho. Skrini ya 240 Hz inayopewa picha 60 kwa sekunde huonyesha kila picha mara nne mfululizo, na kwa jicho ni kama imeganda kwa milisekunde 16.7 zilezile.

Asiyeamini kwamba ukungu huzaliwa jichoni anaweza kujithibitishia. Katika moja ya majaribio ya TestUFO kuna vyombo viwili vya angani vilivyochorwa, kimoja kimetulia na kingine kinapita, na nyuma yao kuna michoro ya mistari. Ukikazia macho chombo kilichotulia unaona mistari ya wima. Ukihamisha macho na kukifuata kile kinachopita, mistari ileile inageuka kuwa mirabamiraba. Skrini haikubadili chochote, na haina njia ya kujua unatazama wapi. Kilichobadilika ni mwendo wa macho yako.

Fuwele na saa yake

Jicho likishatambuliwa, lazima turudi kwa fuwele, kwa sababu nazo huongeza ukungu wao juu ya ule wa kuganda. Pikseli ya LCD haiwashwi wala kuzimwa. Ni dirisha dogo mbele ya taa ya nyuma, na fuwele ndani yake hujipinda kupitisha mwanga mwingi au kidogo. Kujipinda huko huchukua muda. Kwenye skrini ya 240 Hz pikseli ina milisekunde 4.17 tu za kutoka rangi moja hadi nyingine kabla ya amri mpya kufika. Ikichelewa, picha iliyopita inaonekana chini ya picha ya sasa, na kitu kinachokimbia kinapata mkia.

Wapimaji hukipima kipindi hiki kwa fotodayodi, kipande kidogo kinachogeuza mwanga kuwa umeme, kilichobandikwa kwenye kioo na kuunganishwa na osiloskopu. Skrini inaamriwa itoke kijivu kimoja kwenda kingine, na mchoro wa osiloskopu unaonyesha mwanga ukipanda au kushuka. Kipimo hicho hujulikana kwa herufi GtG, yaani kutoka kijivu hadi kijivu. Kinaonekana cha haki kabisa, lakini kina milango miwili ya kupitishia sifa zisizostahili.

Mlango wa kwanza ni mahali pa kuanzia na kumalizia saa. Kwa desturi ya muda mrefu saa huanza pale asilimia 10 ya mabadiliko imeshapita na kusimama yanapofika asilimia 90. Fuwele huwa na kasi katikati na uvivu mwishoni. Hivyo ile asilimia 10 ya mwisho, ambayo jicho huiona kama mkia, inaachwa nje ya hesabu. Mlango wa pili ni uchaguzi. Skrini yenye ngazi 256 za mwanga ina mabadiliko 65,280 yanayowezekana, na mtengenezaji anaweza kutangaza lile lililo bora kuliko yote. Wapimaji makini huchagua ngazi tano au sita zilizotawanyika vizuri, wakapima mabadiliko yote 20 au 30 kati yake, kisha wakachapisha jedwali zima. Katika jedwali kama hilo ndipo inapojitokeza tabia ya skrini nyingi za aina ya VA: zinakwenda vizuri kwenye rangi za mwanga, lakini kutoka weusi kwenda kijivu cha giza zinaburuta miguu. Mchezaji anayepita kwenye pango lenye giza huona kila ukingo ukiacha masizi.

Kuna pia dawa inayogeuka sumu. Ili kuharakisha fuwele, skrini hupewa umeme wa ziada mwanzoni mwa badiliko, mbinu inayoitwa ovadraivu. Kwa kiasi kizuri inasaidia sana. Ikizidi, pikseli hupitiliza rangi iliyoagizwa kisha hurudi nyuma, na badala ya mkia wa giza kitu kinapata mkia unaong'aa kuliko chenyewe. Skrini nyingi zinazotangazwa kuwa za milisekunde 1 huifikia namba hiyo kwa kuweka ovadraivu kwenye kiwango cha juu kabisa, kiwango ambacho hakuna mchezaji angekivumilia kwa dakika tano. Kwa hiyo jedwali la haki huonyesha kasi pamoja na upitilizaji. Kasi bila upitilizaji ni nusu ya habari.

Mpimaji anatakiwa pia kuipa skrini muda wa kupata joto. Fuwele baridi ni nzito kuliko fuwele zenye joto, na skrini iliyowashwa sasa hivi itatoa matokeo mabaya kuliko itakayotoa nusu saa baadaye.

Kamera inayotembea kama jicho

Osiloskopu inajua mengi kuhusu pikseli moja, lakini haituonyeshi gari. Tunahitaji picha moja inayobeba yote mawili, ukungu wa kuganda na uzito wa fuwele, kama jicho linavyoyapokea. Tukirudi kwenye sababu, njia inajieleza yenyewe: ikiwa kamera iliyotulia haioni ukungu kwa kuwa haifuati kitu, basi ifuate.

Maabara zimekuwa na vyombo vya kufanya hivyo kwa miaka mingi, vya bei ambayo mwandishi au mpimaji wa kawaida asingeiweza. Mchango mkubwa wa Rejhon ulikuwa kuirahisisha kazi hiyo hadi ikafanywa na mtu mwenye kamera ya kawaida na reli iliyonyooka. Kamera inateleza sambamba na skrini kwa kasi ileile ya kitu, huku ikipokea mwanga kwa muda wa picha nne hivi za skrini: sekunde 1/15 kwa 60 Hz, 1/30 kwa 120, 1/60 kwa 240. Muda huo unafanana na namna retina inavyojumlisha picha kadhaa.

Ugumu ni kujua kama mkono umekwenda kwa kasi sahihi. Hapo ndipo alipoweka ubunifu wake. Chini ya kitu kinachokimbia huchorwa mfululizo wa alama ndogo, na kila picha mpya ya skrini husogeza alama hizo kwa hatua maalumu. Kamera ikienda kwa kasi inayotakiwa, alama katika picha hujipanga kama ngazi iliyonyooka. Ikichelewa au ikiwahi, ngazi inalala upande. Kwa hiyo picha inabeba ushahidi wa uhalali wake ndani yake yenyewe, na msomaji anaweza kuukagua bila kumwamini mpimaji kwa maneno. Naipenda njia hii kwa sababu hiyo. Vipimo vingi vya vifaa vya kielektroniki humtaka mtu aamini namba. Hiki kinampa picha na kumwachia yeye hukumu.

Leo wapimaji kama RTINGS wa Montreal, ambao hununua wenyewe skrini wanazozipima, huchapisha picha za namna hii kwa kila skrini na kwa kasi mbalimbali. Ukiziweka picha za skrini mbili zenye Hz sawa ubavu kwa ubavu, mara nyingi utashangazwa na umbali uliopo kati yake.

Mmweko na gharama yake

Ile tiba ya kufupisha muda wa mwanga iliingia kwenye gemu kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2011 NVIDIA ilitoa LightBoost kwa ajili ya miwani ya 3D. Taa ya nyuma ya skrini ilizimwa wakati fuwele zikigeuka, ikamweka kwa muda mfupi zilipotulia, ili picha ya jicho la kushoto isichanganyike na ya kulia. Wachezaji waligundua kwamba mfumo huohuo, ukitumiwa bila miwani, unafuta ukungu kwa kiasi ambacho LCD haikuwahi kufikia. Walithibitisha kwa picha za kamera inayotembea, na hoja haikuwa na pa kukimbilia. Baadaye NVIDIA yenyewe ilitoa ULMB, mfumo uliotengenezwa mahsusi kupunguza ukungu, na mwaka 2023 ikatoa toleo la pili. Kipimo kizuri kilikuwa kimewaonyesha watengenezaji walichokuwa nacho mikononi.

Mmweko una gharama, na mpimaji anapaswa kuitaja. Taa inayowaka milisekunde 1 kati ya milisekunde 8.3 hutoa sehemu ndogo ya mwanga wa kawaida, hivyo skrini hufifia isipoongezewa nguvu. Baadhi ya watu huumwa kichwa kwa kumetameta. LCD huandika picha kutoka juu kwenda chini, lakini taa humweka mara moja kwa skrini nzima. Kwa hiyo mara nyingi katikati panakuwa safi, na juu au chini panaonekana kivuli cha picha jirani. Mpimaji anayepiga picha ya katikati pekee anaficha kasoro hiyo. Tena, idadi ya picha lazima ilingane na idadi ya mimweko. Picha 60 kwa sekunde zikimulikwa mara 120, kila picha inamweka mara mbili huku jicho likiwa limesogea, na mchezaji anaona magari mawili pacha.

Hapa ndipo penye chanzo cha mkanganyiko mwingine wa maboksi. Baadhi huandika milisekunde 1 na kuweka pembeni herufi MPRT kwa maandishi madogo. Hicho ni kipimo cha ukungu wa mwendo kwa ujumla, na kwenye skrini ya 144 au 165 Hz hakiwezi kufika 1 bila mmweko kuwashwa. Kwenye skrini nyingi mmweko ukiwashwa, ulinganishaji wa kasi ya skrini na ya kadi ya picha, kama G-Sync au FreeSync, huzimika. Mnunuzi anayeona milisekunde 1 na FreeSync kwenye boksi moja hudhani atavipata vyote kwa pamoja.

OLED imebadilisha sehemu ya hesabu hii. Pikseli zake hutoa mwanga zenyewe na hubadilika ndani ya sehemu ndogo ya milisekunde, kwa hiyo ule mkia wa fuwele haupo kabisa. Ndiyo maana OLED ya 240 Hz mara nyingi hushindana kwa uwazi na LCD ya 360 Hz. Lakini nayo hushikilia picha. Ukungu wa kuganda uko palepale, pikseli 4 kwa kasi yetu ya 960, na tangazo linalosema OLED imemaliza ukungu linasema zaidi ya hesabu. OLED za 480 Hz zilizoingia sokoni mwaka 2024 zilipunguza ukungu kwa sababu ya Hz zake.

Pale jicho lisipofuata

Kipimo cha kamera inayotembea kina mpaka, na haki inadai tuutaje. Mchezaji wa gemu ya kufyatua risasi mara nyingi hukazia macho alama ya shabaha katikati ya skrini, na adui ndiye anayepita mbele ya jicho lililotulia. Hapo hakuna kuburutwa kwa taswira. Kinachoonekana ni adui aliyekatika vipande vilivyoachana, kama kishale cha kipanya kinavyoonekana kuwa vishale vingi ukikizungusha haraka. Kwa kasi ya pikseli 2,400 kwa sekunde kwenye 240 Hz, kati ya kipande na kipande kuna pikseli 10. Mmweko haupunguzi pengo hilo hata kidogo, na huwa unalifanya liwe wazi zaidi. Kinacholiziba ni kuongeza Hz.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha skrini, mtu ajiulize macho yake hufanya nini. Anayecheza mpira, mbio za magari au gemu za mkakati, ambako ramani nzima huteleza, macho yake hufuata vitu muda wote, na picha ya kamera inayotembea ni shahidi wake mkuu. Anayecheza gemu za shabaha aanze na Hz na wepesi wa pikseli, mmweko uje baadaye. Katika zamu za ghafla, pale mchezaji anapogeuka nyuma kwa mkupuo mmoja, jicho lolote haliwezi kufuata, na hakuna skrini inayostahili kuhukumiwa kwa mwendo huo.

Pima mwenyewe

Majaribio ya TestUFO yanafunguka kwenye kivinjari chochote, kwa hiyo mnunuzi aliye dukani Kariakoo au Luthuli Avenue anaweza kumwomba muuzaji awashe skrini na kuipima kabla ya kulipa. Aanze na jambo dogo linalowaponza wengi: aingie kwenye mipangilio ya Windows na ahakikishe skrini imewekwa kwenye Hz zake za juu. Skrini nyingi za 144 Hz hutumika kwa miaka zikiwa kwenye 60, kwa sababu tu hakuna aliyebadilisha mpangilio au kwa sababu kebo haina uwezo.

Kisha ahakiki kama Hz hizo ni za kweli. Kuna jaribio ambalo kila picha mpya huwasha kisanduku kimoja katika safu ya visanduku. Ukiipiga picha kwa simu, muda wa kupokea mwanga ukiwa mrefu kiasi cha kunasa picha kadhaa, visanduku vilivyowaka vinapaswa kufuatana bila pengo. Pengo lina maana kwamba skrini inapokea picha na kuzitupa njiani. Kwa skrini ya mtumba, au ya chapa isiyojulikana yenye ahadi kubwa, jaribio hili la dakika moja linaweza kuokoa fedha nyingi.

Baada ya hapo afuate kwa macho kitu kinachokimbia pikseli 960 kwa sekunde, kwanza juu ya rangi ya mwanga kisha juu ya rangi ya giza, akibadilisha viwango vya ovadraivu kimoja baada ya kingine. Mkia wa giza unamaanisha fuwele zimechelewa. Mkia unaong'aa unamaanisha ovadraivu imezidi. Kiwango bora kwa kawaida ni cha katikati. Akiwa na muda, ateleze simu kwenye ukingo wa kitabu kilichonyooka, apige picha nyingi, na azihifadhi zile tu ambazo ngazi ya alama imesimama wima. Akifika nyumbani azime mpangilio wa ukungu wa mwendo ndani ya gemu yenyewe, maana huo huchorwa makusudi na hakuna skrini inayoweza kuuondoa.

Namba inayostahili kuwa kwenye boksi

Mwezi Agosti 2022, VESA, chombo kinachosimamia viwango vya skrini, kilizindua ngazi za ClearMR. Badala ya kutaja muda, ngazi hizo hutaja uwiano wa pikseli safi kwa pikseli zenye ukungu: ClearMR 7000 ina maana kwamba pikseli safi ni kati ya mara 65 na 75 ya zile zenye ukungu. Kanuni zake huweka mipaka kwa upitilizaji wa ovadraivu, na hazimruhusu mtengenezaji kujinyanyua kwa mmweko. Ni hatua njema. Kwa hiyo mnunuzi anaweza kulinganisha maboksi mawili kwa kipimo kilichotokana na picha inayotembea yenyewe.

Hata hivyo kiwango hicho ni cha hiari, na skrini nyingi huuzwa bila alama yake. Pengo hilo linaweza kuzibwa na wapimaji, wakiwemo vijana wengi wanaofanya mapitio ya vifaa kwa Kiswahili. Kurudia milisekunde zilizochapishwa na kiwanda si kupima. Reli iliyonyooka na simu yenye mipangilio ya mkono vinatosha kutoa picha ya kamera inayotembea, na picha hiyo humwambia mtazamaji mambo ambayo boksi halitamwambia kamwe. Wachezaji walipoonyesha picha kama hizo wakati wa LightBoost, kampuni kubwa ziliwasikiliza. Wauzaji wetu nao watasikiliza, siku wanunuzi watakapoanza kukataa kulipa kabla ya kuonyeshwa.